Boti za jeti za New Zealand: maji huingilia wapi, na namna ya kuyazuia

Katika mito ya Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, boti ya jeti ni chombo cha kila siku. Wavuvi huipanda kwenda kutafuta samaki wa salmoni na trauti, wawindaji huitumia kufikia mabonde yasiyo na barabara, na watalii hulipa nauli ili wapitishwe kwa kasi katika korongo la mto Shotover, karibu na mji wa Queenstown. Msomaji wetu anayevuka Bahari ya Tasman kwa matembezi, kwa kazi au kwa kuhamia huko hukutana nayo mapema, na si ajabu akashawishika kununua moja iliyokwisha tumika. Makala haya yanaeleza namna maji yanavyoingia katika boti ya aina hii, sababu ya maji hayo kuwa hatari kuliko katika mashua ya kawaida, na hatua za kuyazuia.

Desturi ya mashua ya mbao haifai hapa

Wengi waliokulia pwani ya Afrika Mashariki, au kandokando ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, wamezoea mashua za mbao. Mbao zikikauka juani huachana. Zikilowa hufura na kukaribiana tena. Fundi hutia kalafati ya pamba na mafuta katika maungio, naye baharia huweka kata au kopo karibu ili afue maji yanayokusanyika katika banduru, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo. Maji kidogo ndani ya mashua ya namna hiyo si habari ya kumshtua mtu.

Boti ya jeti haina desturi hiyo. Bodi yake ni ya alumini au faibaglasi, vitu visivyofura vikilowa wala kujifunga vyenyewe. Ikiwa nzima, inapaswa kushinda majini na kurudi jioni banduru yake ikiwa karibu kavu, isipokuwa matone ya mvua, maji yaliyoruka kutoka mtoni na yale yaliyoingia na viatu vya abiria. Ikiwa maji yanaongezeka boti ikiwa imetulia, au yanarudi kila baada ya safari, basi kuna kitu kinachoanza kuharibika. Mwenye boti anayeyafua na kuendelea na safari bila kutafuta chanzo chake anaahirisha tatizo ambalo litajitokeza mahali pabaya zaidi.

Chombo kilichozaliwa katika mito ya mawe

Mito mingi ya Canterbury, kama Waimakariri, Rakaia na Waitaki, hutiririka juu ya tandiko pana la changarawe, ikijigawa katika mikono mingi inayohamahama baada ya mafuriko. Mahali pengi maji hayapiti magoti, na pengine hufika vifundo vya miguu tu. Propela inayoning'inia chini ya boti haiwezi kupita hapo bila kuvunjika.

William Hamilton, mfugaji na mhandisi aliyeishi katika shamba la Irishman Creek, eneo la Mackenzie, alilishughulikia tatizo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hakuwa mtu wa kwanza kufikiria kusukuma chombo kwa mchirizi wa maji. Alichofanikiwa ni kuutoa mchirizi huo nyuma ya boti, juu ya usawa wa maji, badala ya chini ya bodi. Mwaka 1960 boti zake zilipanda mto Colorado ndani ya Grand Canyon, Marekani, zikienda kinyume cha mkondo. Mwaka 1977 Edmund Hillary alitumia boti za jeti kupanda mto Ganges kutoka baharini kuelekea Himalaya. Boti za aina hiyo zilikuwamo pia katika msafara wa mwaka 1974 na 1975 uliofuata mto Kongo, ambao wakati huo uliitwa Zaire. Hamilton alipewa cheo cha Sir mwaka 1974, akafariki mwaka 1978.

Utendaji wa chombo hiki ni rahisi kueleza. Chini ya boti, karibu na tezi, kuna tundu pana lililofunikwa kwa wavu wa vyuma. Maji hufyonzwa hapo, huzungushwa na kusukumwa na impela, hunyooshwa na mapezi yasiyozunguka, kisha hutoka kwa nguvu katika nozeli iliyo nyuma. Dereva huelekeza mchirizi huo kushoto au kulia ili boti igeuke, na huteremsha bakuli la chuma nyuma ya nozeli ili mchirizi urudishwe mbele na boti irudi kinyumenyume.

Kwa hiyo bodi ya boti ya jeti imetobolewa kwa makusudi mahali pawili, chini na nyuma, na shafti inayozunguka kwa kasi inatoka kwenye injini iliyo pakavu na kuingia katika jeti iliyojaa maji. Kila mpaka kati ya pakavu na penye maji unalindwa na mpira, gasketi au sili. Vitu hivyo huchakaa, hata boti ikionekana mpya kwa nje.

Kwa nini maji machache ni hatari

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Boti ya jeti hupita penye kina kidogo kwa sababu, ikipata kasi, hunyanyuka na kuteleza juu ya maji, nayo ikiteleza hivyo huhitaji kina cha sentimita 10 hivi tu. Ikiwa na lita 200 za maji chini ya sakafu, ni kana kwamba watu wazima watatu wasioonekana wameketi kwenye tezi. Itachelewa kunyanyuka, tumbo lake litakaa chini zaidi, na mahali ilipopita jana bila kugusa, leo itagonga mawe. Maji hayo pia hayatulii: boti ikipinda kona, hukimbilia upande mmoja na kuulemea.

Kuna hatari ya pili. Boti ya jeti haina usukani unaofanya kazi bila msukumo. Injini ikizimika, mchirizi hukoma, na dereva hana tena uwezo wa kuielekeza. Maji yakipanda hadi kwenye nyaya, betri au mikanda ya injini, yanaweza kuizima katikati ya korongo, mahali ambapo mkondo ndio utakaoamua boti iende wapi.

Hesabu ndogo inaonyesha kasi ya jambo hili. Tundu lenye kipenyo cha milimita 25, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa maji, huingiza takriban lita 40 kila dakika. Kwa mwendo huo, nusu saa inatosha kuingiza maji yenye uzito unaozidi tani moja. Pampu ndogo iliyoandikwa kuwa hutoa lita 1,900 kwa saa haifikishi lita 32 kwa dakika, na hicho ni kipimo cha mezani. Ndani ya boti hutoa pungufu, kwa kuwa inalazimika kuyapandisha maji juu huku betri ikipungua nguvu. Pampu humpa dereva muda wa kufika ufukoni. Kazi ya kuziba tundu inabaki palepale.

Mahali maji yanapoingilia

Kwanza ni vizibo vya kutolea maji, vilivyo nyuma ya boti upande wa chini. Hufunguliwa boti ikiwa kwenye trela, kisha husahauliwa. Hata kizibo kilichofungwa kinaweza kupitisha maji ikiwa mpira wake umekauka au mchanga umekwama katika nyuzi zake.

Pili ni maungio ya jeti na bodi. Sehemu ya kufyonzea maji imefungwa chini ya boti kwa boliti, juu ya gasketi au gundi ya kuziba, na mahali jeti inapopenya ukuta wa nyuma kuna mpira au pete pana. Mtikisiko wa injini na vishindo vya mawe hulegeza boliti kidogo kidogo. Boti ikiwa imegonga jiwe kubwa, maungio haya yachunguzwe hata kama hakuna ufa unaoonekana.

Tatu ni sili ya shafti. Baadhi ya boti za zamani zina kamba zilizoshindiliwa kuizunguka shafti. Kamba hizi hutakiwa kudondosha matone machache kwa dakika shafti inapozunguka, ili zipate ubaridi. Anayezikaza mpaka zikauke kabisa huziunguza na kuikwangua shafti. Jeti nyingi za kisasa zina sili ya nyuso mbili laini zinazogusana, na hii haipaswi kudondosha. Jeti nyingi zina pia tundu dogo la kuonya kati ya sili na beringi. Maji yakitoka hapo, sili imeanza kushindwa. Sili ni kifaa kidogo, lakini ikiachwa maji huingia kwenye beringi inayobeba msukumo wote wa boti, na gharama huwa ya jeti nzima. Hapo wahenga walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nne ni mlango wa ukaguzi, ule mfuniko ulio juu ya jeti ambao dereva huufungua ili kuondoa majani, vijiti na mawe yaliyokwama. Kwa kawaida huwa juu ya usawa wa maji boti ikiwa imetulia na haikulemewa. Abiria wakijazana kwenye tezi, au banduru ikiwa na maji, usawa huo hubadilika, na mlango ukifunguliwa mto huingia ndani. Kabla ya kuufungua, injini izimwe na ufunguo utolewe, abiria wasogee omo, na usawa wa maji uangaliwe. Baada ya kuufunga, pete yake ya mpira ipanguswe na ikaguliwe, kwa maana punje moja ya mchanga inatosha kuipitishia maji.

Tano ni mipira ya kupoozea injini. Katika boti nyingi, maji ya kupoozea hutoka kwenye jeti yenyewe, yakiwa na shinikizo linaloongezeka kadiri injini inavyozunguka kwa kasi. Mpira ukipasuka au kibano kikilegea, jeti hugeuka kuwa pampu inayojaza maji ndani ya boti. Mvujo huu hauonekani boti ikiwa imefungwa gatini. Huanza mtu akiwa mbali na kwa kasi, na kelele za injini huficha sauti yake.

Sita ni bodi yenyewe. Alumini hupasuka kwenye maungio yaliyochomelewa, hasa penye kona na karibu na vishikizo vya injini, na hulika penye unyevu usiokauka, kama chini ya zulia au mahali kokoto zilipokwama. Boti inayoingia baharini hulika pia pale alumini inapogusana na chuma cha aina nyingine bila kizuizi. Faibaglasi huchubuka mpaka maji yakapenya katika tabaka zake. Matundu madogo ya nyaya za usukani, vipima kina na mabomba ya pampu yahesabiwe pia. Bomba la pampu lililo karibu na usawa wa maji bila kupindwa juu kwanza linaweza kuyarudisha maji ndani pampu ikiwa imezimwa.

Namna ya kuutafuta mvujo

Swali la kwanza ni lini maji huingia. Yakiongezeka boti ikiwa imetulia na injini imezimwa, chunguza vizibo, maungio ya jeti na bodi. Yakiongezeka injini inapofanya kazi tu, chunguza mipira ya kupoozea na sili ya shafti. Maji yenye joto hutoka katika mfumo wa kupoozea. Maji yenye rangi na utelezi huenda yanatoka katika tangi la kipoozi cha injini.

Kisha kausha banduru kabisa kwa kitambaa, na utandaze karatasi kavu chini ya kila mahali panapotiliwa shaka. Shusha boti majini ikiwa bado imefungwa kwa kamba, uangalie karatasi ipi inalowa kwanza. Maji hutembea chini ya sakafu, hivyo mahali yanapokusanyika mara nyingi si mahali yanapoingilia.

Njia nyingine hufanywa nchi kavu. Boti ikiwa juu ya trela, mwaga maji ndani ya banduru kwa kina cha sentimita chache tu, kisha zunguka chini yake ukitazama yanapodondokea. Usijaze zaidi, kwa kuwa kila lita mia moja ni kilo mia moja juu ya trela na juu ya bodi isiyokingwa na maji kwa nje.

Anayenunua boti iliyotumika ana swali la ziada: je, povu la kuelea lililo chini ya sakafu limenyonya maji? Povu lililolowa halionekani, lakini uzito wake hujulikana. Pitisha boti na trela kwenye mizani ya magari, kisha ulinganishe na uzito wa mtengenezaji, ukiondoa ule wa trela, mafuta na mizigo. Tofauti kubwa isiyo na maelezo ni sababu ya kutosha ya kuuliza zaidi, au ya kuondoka.

Kinga kabla ya safari

Vizibo vikaguliwe kwa mkono, si kwa macho, na mtu mmoja tu apewe kazi hiyo ili kila mmoja asidhani mwenzake amekwisha kuifanya. Mipira ya maji ibonyezwe: iliyo migumu kama mti au laini kama unga uliokandwa ibadilishwe. Vibano vikazwe. Pampu iwashwe kwa maji halisi, na swichi yake ya kuelea inyanyuliwe kwa kidole ili kuhakikisha inaiwasha pampu yenyewe. Dereva asiketi juu ya injini ya petroli na kuiwasha bila kwanza kufungua kifuniko na kunusa, kwani banduru hukusanya mvuke wa petroli kama inavyokusanya maji.

Boti ikisha kuelea, usiifungue kwenye trela mara moja. Subiri dakika mbili au tatu, ukitazama banduru. Ikiwa kizibo kimesahauliwa, utakigundua hapo, ambapo gari na winchi vipo tayari kuivuta.

Majira ya baridi yana hatari yake, ambayo aliyezaliwa katika nchi za joto huenda asiifikirie. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Yaliyobaki katika injini, mipira au jeti usiku wa baridi kali wa Kisiwa cha Kusini yanaweza kupasua chuma, na mwenye boti akaujua ufa huo siku ya kwanza ya kiangazi, akiwa mtoni. Maji yote yatolewe kabla ya boti kuwekwa.

Maji yakiingia mkiwa mtoni

Kila mtu avae jaketi okozi, kama hakuwa amelivaa. Sheria ya New Zealand humtaka nahodha wa boti ya kujiburudisha awe na jaketi linalomfaa kila aliyemo kwa ukubwa wake. Washa pampu, na ukiwa bado na injini, elekea kwenye ukingo wa changarawe ulio karibu na upandishe boti hapo. Usiizime injini katikati ya mto ili kutafuta tundu, isipokuwa pameshika moto au mpira wa kupoozea umepasuka na injini ndiyo inayoingiza maji. Tundu linalofikika lizibwe kwa kitambaa, nguo au kipande cha mpira.

Nambari ya dharura ya New Zealand ni 111, si 000 tuliyoizoea Australia. Katika makorongo mengi simu haishiki, hivyo safirini na njia mbili za kuomba msaada zisizoharibiwa na maji, moja ikiwa kifaa cha kutoa ishara kwa setelaiti. Kando ya bahari, chaneli 16 ya redio ya VHF ndiyo ya dharura.

Maji yaliyobaki si mali yako peke yako

Mwaka 2004 mwani wa didimo uligunduliwa katika mto Waiau wa chini, Southland, na mwaka 2023 kome wa kigeni aitwaye Corbicula aligunduliwa katika mto Waikato, Kisiwa cha Kaskazini. Viumbe kama hivi husafiri ndani ya matone yaliyobaki katika banduru na jeti. Ndiyo maana mamlaka za nchi hiyo huwataka wenye boti wafanye mambo matatu wanapotoka mto mmoja kwenda mwingine: kukagua, kuosha na kukausha. Maji ya banduru yamwagwe nchi kavu, mbali na mto, na yasiwe na mafuta.

Agizo hilo lina faida kwa mwenye boti pia. Banduru iliyokaushwa baada ya kila safari humwonyesha tone jipya siku litakapoingia, na kosa dogo la sili au kizibo hurekebishwa nyumbani, kabla halijawafuata abiria hadi korongoni.